Mali bila daftari: Jinsi hesabu za jeshi zinavyokaguliwa

KILA mwaka Bunge la Taifa huidhinisha mabilioni ya shilingi kwa ajili ya ulinzi wa nchi. Na kila mwaka mlipa ushuru hufahamu machache zaidi kuhusu matumizi ya fedha hizo kuliko anavyofahamu kuhusu fedha za shule, barabara au hospitali. Sababu inayotolewa huwa moja: usalama wa taifa.

Sababu hiyo ina uzito wake. Hakuna nchi inayotangaza idadi ya risasi zilizo ghalani wala mahali rada zake zilipofichwa. Hata hivyo, kati ya siri ya vita na siri ya daftari pana mpaka, na anayepaswa kuulinda mpaka huo ni mkaguzi wa hesabu. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya jeshi nayo haikusazwa na usemi huo.

Makala haya yanaeleza jinsi hesabu za jeshi zinavyokaguliwa, sheria inayomwongoza mkaguzi nchini Kenya, na yale ambayo mataifa mengine yamejifunza, mara nyingi kwa gharama kubwa.

AINA TATU ZA UKAGUZI

Wengi hudhani kwamba kukagua ni kujumlisha takwimu na kupekua stakabadhi. Hiyo ni sehemu moja tu ya kazi. Taasisi kuu za ukaguzi ulimwenguni, ambazo tangu mwaka 1953 zimeungana chini ya shirika la INTOSAI, huigawa kazi hiyo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ukaguzi wa fedha. Hapa mkaguzi huuliza iwapo taarifa za mapato na matumizi zinaonyesha hali halisi. La pili ni ukaguzi wa uzingatiaji wa sheria na masharti: je, fedha zilitumiwa kwa shughuli zilizotengewa, kwa idhini ya aliyestahili kuidhinisha, na kwa kufuata kanuni za mpango husika? La tatu ni ukaguzi wa ufanisi, ambao hupima iwapo umma ulipata manufaa yanayolingana na gharama.

Mfano mwepesi utasaidia. Tuseme kikosi kimetengewa fedha za kununua jozi 10,000 za viatu. Mkaguzi wa fedha atatafuta hati ya kuagiza, ankara na ushahidi wa malipo. Mkaguzi wa uzingatiaji atauliza iwapo zabuni ilishindanishwa inavyotakikana, na iwapo fedha hazikuchotwa kutoka fungu la dawa au la nyumba za askari. Mkaguzi wa ufanisi atataka kujua kama viatu hivyo vilimfikia askari aliye mpakani na kama vilidumu.

Hesabu zinaweza kufaulu mtihani wa kwanza na kuanguka katika ile miwili inayofuata. Ndiyo maana stakabadhi kamili haitoshi kuthibitisha matumizi mema. Na ndiyo maana, katika masuala ya jeshi, swali la uzingatiaji huwa zito kuliko la kujumlisha takwimu.

KATIBA HAIKULITENGA JESHI

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 haimwachi mtu yeyote katika shaka. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kukagua, katika muda wa miezi sita baada ya kila mwaka wa matumizi ya fedha kumalizika, hesabu za serikali ya kitaifa na za kaunti, hazina zote za umma, mahakama, tume, mabunge na deni la taifa. Katika orodha hiyo ndefu hakuna mahali palipoandikwa kwamba Wizara ya Ulinzi imesamehewa.

Kifungu hicho kinakwenda mbali zaidi. Kinasema kwamba ripoti ya ukaguzi lazima ithibitishe iwapo fedha za umma zilitumiwa kwa njia halali na kwa njia yenye manufaa. Kwa maneno mengine, Katiba yenyewe imeyafunga pamoja mafungu yale matatu.

Kifungu cha 239 nacho kinataja vyombo vya usalama wa taifa kuwa ni Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF), Idara ya Ujasusi na Huduma ya Polisi, kisha kinatamka kuwa vyote vipo chini ya mamlaka ya kiraia. Baraza la Ulinzi, ambalo huongozwa na Waziri na kuwaleta pamoja Mkuu wa Majeshi, makamanda wa Jeshi la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji, pamoja na Katibu wa Wizara, ni sehemu ya mpangilio huo. Katibu ndiye afisa mhasibu. Yeye, wala si jenerali, ndiye anayejibu maswali ya Bunge kuhusu fedha.

Jukumu hilo si la jina tu. Kifungu cha 226 kinasema kuwa mtumishi wa umma anayeagiza au kuidhinisha matumizi kinyume cha sheria atawajibika yeye binafsi kwa hasara itakayotokea, awe amesalia afisini au ameshaondoka.

Ratiba nayo imepangwa. Mwaka wa fedha humalizika Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 humpa afisa mhasibu miezi mitatu kuandaa taarifa na kuzikabidhi kwa mkaguzi. Ripoti ya mkaguzi hutarajiwa kufikia mwisho wa Desemba, kisha Bunge huwa na miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua.

Kabla ya ripoti hiyo kuandikwa huwapo mlinzi mwingine, naye ni Msimamizi wa Bajeti, ambaye huidhinisha fedha kutoka katika hazina za umma kabla hazijatumiwa. Yeye huulinda mlango wa kutokea, ilhali mkaguzi huyafuata mali hadi yalikofika.

UHURU WA MKAGUZI

Azimio la Lima la mwaka 1977, ambalo wakaguzi wa serikali ulimwenguni hulichukulia kuwa msingi wa taaluma yao, linasisitiza kwamba mkaguzi hawezi kufanya kazi yake ikiwa anayekaguliwa ndiye anayemwekea mipaka. Katika ukaguzi wa jeshi, sharti hilo hujaribiwa kuliko kwingineko.

Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 ilipotungwa iliweka utaratibu wa pekee kwa vyombo vya usalama. Iliagiza uwepo mkutano wa mwanzo na wakuu wa chombo kinachokaguliwa, maafisa wa ukaguzi wawe wamechunguzwa kiusalama, na ripoti iweze kufunikwa sehemu zinazoweza kufichua watu au mali nyeti.

Mambo hayo yana mantiki. Lakini swali lililozuka ni hili: je, mkutano wa kukubaliana kuhusu upeo wa kazi unaweza kugeuka kuwa mkutano wa kukubaliana kuhusu yasiyopaswa kuonekana? Shirika la Transparency International Kenya liliipinga sheria hiyo mahakamani, na mnamo Februari 2018 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu kadhaa kwa kuwa viliingilia uhuru ambao Katiba imempa Mkaguzi Mkuu.

Uhuru huo hauhitaji sheria pekee. Unahitaji pia mtu aliyeketi kitini. Edward Ouko, Mkaguzi Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini ya Katiba mpya, alimaliza kipindi chake cha miaka minane mwezi Agosti 2019. Nancy Gathungu aliapishwa Julai 2020. Kwa karibu mwaka mzima afisi hiyo ilikosa kiongozi aliyethibitishwa, ilhali fedha za umma ziliendelea kutumiwa.

MKAGUZI NDANI YA KAMBI

Kambi ya jeshi ni kama mji mdogo. Ina jiko, hospitali, karakana, bohari ya nguo, tangi la mafuta, nyumba za familia na orodha ndefu ya mishahara. Sehemu kubwa ya matumizi hayo haina siri yoyote. Bei ya unga haimsaidii adui, wala idadi ya mablanketi si mpango wa vita.

Kazi ya mkaguzi huanza na utenganisho huo. Sheria za ununuzi wa umma zimeviruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha ya bidhaa nyeti ambazo haziuzwi wala kununuliwa kwa zabuni ya wazi. Silaha na mitambo ya mawasiliano ya kijeshi huangukia humo. Bidhaa nyinginezo, kuanzia saruji hadi sukari, zinapaswa kufuata njia ya kawaida. Hatari iliyo dhahiri ni kwamba orodha ya siri inaweza kunenepa mwaka baada ya mwaka, hadi sukari ikajikuta imeketi pamoja na makombora.

Baada ya hapo mkaguzi huchagua sampuli ya malipo na kuyafuata tangu mwanzo hadi mwisho. Ni nani aliyeomba bidhaa? Ni nani aliyeidhinisha? Bei ililinganishwa na ya nani? Daftari la bohari linaonyesha kwamba bidhaa ziliingia lini, na je, ukienda bohari leo utazikuta? Kuhesabu mali kwa macho ni sehemu ya ukaguzi isiyoweza kubadilishwa na karatasi.

Mafuta hukaguliwa kwa kulinganisha lita zilizotolewa na safari zilizoandikwa katika daftari la gari. Ardhi hukaguliwa kwa kuangalia kama hatimiliki ipo na mipaka haijavamiwa. Fedha za dharura alizopewa afisa akiwa safarini hukaguliwa kwa kuangalia kama zilirudishiwa hesabu kwa wakati. Madeni ya wazabuni ambayo hayajalipwa hukaguliwa ili yasihamishwe kimyakimya kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Hata bidhaa ya siri hukaguliwa. Tofauti ni kwamba anayeikagua ni afisa aliyeruhusiwa kuiona, na atakayosema hadharani ni machache. Mkaguzi hana haja ya kuandika kwamba bunduki aina fulani zipo mahali fulani. Anachohitaji kuthibitisha ni kwamba zilinunuliwa, zilifika, na bei yake haikutiwa chumvi.

SIRI ILIPOGEUKA PAZIA

Kenya ina historia inayoonyesha kinachotokea mpaka huo unapovukwa. Mwaka 2006, Mkaguzi Mkuu wa wakati huo aliwasilisha ripoti maalum kuhusu kandarasi 18 za miradi ya usalama zilizokuwa na thamani ya takriban Sh56 bilioni. Ndizo zilizokuja kujulikana kwa jina la Anglo Leasing, ijapokuwa kampuni zilizohusika zilikuwa kadhaa.

Miongoni mwa miradi hiyo ulikuwemo wa kituo cha mawasiliano cha jeshi kilichopewa jina la Nexus, na wa meli kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji. Dosari zilizolalamikiwa katika kandarasi hizo zilifanana: zabuni hazikushindanishwa, na serikali ilijifunga kulipa mikopo na riba kwa wauzaji ambao uwezo wao haukuthibitishwa. Neno “usalama” lilitumiwa kuondoa maswali mapema, kabla ya yeyote kuuliza bei.

Mkasa wa meli hiyo unafundisha mengi. Mkataba ulitiwa sahihi Julai 2003 kwa gharama ya takriban Sh4.1 bilioni, nayo meli ikaundwa nchini Uhispania. Utata wa kandarasi za Anglo Leasing ulipozuka, malipo yakasimamishwa na meli ikabaki Ulaya kwa miaka. Iliwasili Mombasa Agosti 2012, miaka tisa baada ya mkataba, ikiitwa Jasiri.

Mtu anayeangalia stakabadhi pekee anaweza kusema kuwa pesa zilitoka na meli ikaja. Lakini swali la ufanisi linabaki palepale. Kwa miaka hiyo tisa, ambapo maharamia wa Kisomali walikuwa wakiteka meli katika Bahari Hindi, pwani ya Kenya ililindwa bila chombo ambacho umma ulikuwa umeanza kukilipia. Waliopata hasara si walipa ushuru peke yao. Ni mabaharia waliotumwa baharini na vifaa pungufu.

Uganda ilipata funzo lake mapema zaidi. Mwaka 1998 ilinunua kutoka Belarus helikopta za kivita aina ya Mi-24 ambazo zilipowasili zilibainika kuwa hazifai kuruka. Tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde ilichunguza ununuzi huo. Huu ni mfano wa bidhaa ambayo kwa hakika ilistahili kuwa ya siri. Lakini siri haikumzuia adui kujua kwamba ndege zimelala chini. Iliwachelewesha tu Waganda kujua.

ASKARI HEWA

Mishahara ndiyo mlango mwingine mkubwa wa ubadhirifu. Askari hewa ni jina lililo katika orodha ya malipo ambalo mwenyewe hayupo: amekufa, ametoroka, amestaafu, au hakuwahi kuzaliwa. Mshahara wake huenda kwa anayeishika orodha.

Mnamo Machi 2008, mahakama ya kijeshi ya Uganda ilimhukumu Meja Jenerali James Kazini, aliyewahi kuwa kamanda wa jeshi la nchi hiyo, kifungo cha miaka mitatu kwa kusababisha hasara iliyohusiana na malipo ya askari hewa. Madhara ya uovu huo hayaishii benki. Kamanda anayeamini kuwa ana askari 1,000, ilhali waliopo ni 600, ataipeleka vitani idadi asiyo nayo, na wale 600 ndio watakaolipa kwa damu.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliojulikana kama EUSEC ulianza kazi mwaka 2005. Hatua yake muhimu ilikuwa kuutenganisha mkondo wa malipo na mkondo wa amri. Kabla ya hapo mishahara ilipitia mikononi mwa makamanda, na kila mkono ulibaki na chake. Askari walihesabiwa upya na kuandikishwa kwa alama za vidole.

Kanuni inayotokana na hayo ni sahili, na mkaguzi yeyote huianza nayo: anayetoa amri asiwe ndiye anayegawa mishahara, na anayegawa mishahara asiwe ndiye anayeandika majina.

MASHARTI YA MPANGO

Fedha za jeshi hazitoki Hazina Kuu pekee. KDF iliingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka uliofuata ikajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukigharimia marupurupu ya dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi, hadi Januari 2016 ulipopunguza mchango wake kwa asilimia 20. Fedha hizo zilipitia Umoja wa Afrika, kisha serikali za mataifa yaliyotuma wanajeshi, kabla ya kumfikia askari.

Kila kituo katika safari hiyo kina masharti yake. Mfadhili hutaka ushahidi kuwa fedha zimemfikia aliyekusudiwa, na vifaa vinavyodaiwa fidia huhitaji kuwepo na kufanya kazi. Serikali isiyotunza kumbukumbu hupoteza fidia inayostahili. Mwaka 2016 mzozo kati ya Umoja wa Ulaya na serikali ya Burundi kuhusu njia ya kuwalipa wanajeshi wake uliwaacha askari walio Somalia bila marupurupu kwa miezi kadhaa. Wakubwa walizozana kuhusu mkondo wa pesa, na aliyekaa bila pesa ni aliyekuwa handakini.

Kisa kinachoeleza uzito wa kukiuka masharti ya mpango kuliko vingine vyote kilitokea katika jimbo la California, Marekani. Kila jimbo nchini humo lina kikosi chake cha akiba, ambacho kwa kawaida huwa chini ya gavana lakini hugharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya shirikisho. Wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan, wizara ya ulinzi ilitoa bahasha za dola 15,000 au zaidi kwa walioajiriwa au waliokubali kuongeza muda wa utumishi. Masharti yalikuwepo: fedha ziliwahusu wenye ujuzi uliohitajika na waliotimiza vigezo maalum.

Mjini Sacramento masharti hayo hayakufuatwa. Maafisa waliokuwa na shinikizo la kujaza nafasi waliidhinisha malipo kwa wasiostahili. Mnamo 2011 afisa aliyesimamia mpango huo alikiri kosa la kuwasilisha madai ya uongo yaliyopita dola milioni 15, akahukumiwa kifungo cha miezi 30.

Kisha wakaguzi wakaanza kupitia faili moja baada ya nyingine. Karibu askari 10,000 walitakiwa kurejesha fedha, wengi wao wakiwa wamepigana vitani na kutimiza muda walioahidi. Kuna waliokatwa mishahara na wengine kuuza nyumba au kuzidhamini upya. Gazeti la Los Angeles Times lilipochapisha habari hizo Oktoba 2016, Waziri wa Ulinzi Ash Carter aliagiza ukusanyaji usimamishwe, na mwezi Desemba mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuwapa nafuu waliopokea fedha kwa nia njema.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ukaguzi uliochelewa humwadhibu asiye na hatia. Iwapo malipo ya mwaka wa kwanza yangekaguliwa mwaka uleule, makosa yangekuwa machache na deni lisingerundikana mgongoni mwa askari. La pili ni kwamba mkaguzi hana budi kutofautisha mpokeaji na mtenda. Kosa la kuidhinisha lilikuwa la afisi, lakini hati ya deni iliandikwa jina la koplo.

HATA MATAJIRI HUSHINDWA

Asidhani mtu kwamba matatizo haya ni ya mataifa maskini. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikaguliwa kikamilifu kwa mara ya kwanza mwaka 2018, karibu miongo mitatu baada ya sheria ya mwaka 1990 iliyoweka msingi wa taarifa za fedha zinazokaguliwa. Kufikia ukaguzi wa mwaka 2024, ilikuwa imekaguliwa mara saba mfululizo bila kupata hati safi hata mara moja.

Sababu kuu si wizi. Wizara hiyo ina mali ya zaidi ya dola trilioni 4 iliyotapakaa duniani, na mifumo yake mingi ya kompyuta haizungumzi lugha moja. Kuna bohari ambako vipuri vilikuwepo lakini havikuandikwa, na kwingine viliandikwa lakini havikupatikana. Asiyejua alicho nacho hununua tena alichokwisha kununua.

Hata hivyo, kikosi chake cha wanamaji wa nchi kavu, Marine Corps, kilipata hati safi kwa mwaka wa fedha wa 2023. Wakaguzi walitembelea vituo kwa vituo na kuhesabu silaha na vipuri kimojakimoja. Hakuna siri ya vita iliyovuja kwa sababu hiyo. Mafanikio hayo yameondoa hoja kwamba jeshi haliwezi kukagulika kwa kuwa ni jeshi.

KUISOMA RIPOTI YA MKAGUZI

Msomaji anapokutana na ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu wizara yoyote, neno la kutafuta kwanza ni maoni. Maoni ni ya aina nne. Hati safi humaanisha kuwa taarifa za fedha zinaaminika. Hati yenye kasoro humaanisha kwamba zinaaminika isipokuwa mambo yaliyotajwa. Hati mbaya humaanisha kwamba taarifa hizo zinapotosha. Na mkaguzi anapokataa kutoa maoni, huwa anasema kuwa hakupewa ushahidi wa kutosha kusema lolote.

Katika ukaguzi wa vyombo vya usalama, maoni hayo ya mwisho yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kumnyima mkaguzi nyaraka si namna ya kujikinga naye. Ni jibu lenyewe, nalo huandikwa katika ripoti.

Isitoshe, hati safi ya taarifa za fedha haimaanishi kwamba sheria zilifuatwa. Katika ripoti za Kenya, uhalali wa matumizi na ubora wa udhibiti wa ndani huwa na sehemu zao. Msomaji anayeishia ukurasa wa maoni huenda akayakosa yaliyo mazito.

Baada ya ripoti kuchapishwa, mpira huwa mikononi mwa Kamati ya Bunge kuhusu Uhasibu (PAC). Kamati humwita Katibu wa Wizara, na kwa mambo nyeti inaweza kuketi faraghani. Faragha hiyo ina nafasi yake, mradi mapendekezo yatolewe na yafuatiliwe. Udhaifu wa miaka mingi umekuwa hapo: ripoti hujadiliwa kwa kuchelewa, wahusika huwa wameshahamishwa, na pendekezo la mwaka huu hunakiliwa tena mwaka ujao.

Taasisi nyingine za kijeshi huhitaji jicho la ziada. Jeshi linapokabidhiwa shughuli za biashara, kama ilivyotokea Septemba 2020 ambapo Tume ya Nyama nchini (KMC) ilihamishiwa Wizara ya Ulinzi, mpaka kati ya siri na daftari hufifia zaidi. Nyama si silaha. Hesabu za kichinjio zinapaswa kuwa wazi kama za kampuni yoyote ya umma, hata kama meneja wake anavaa sare.

Mwisho wa yote, anayenufaika zaidi na ukaguzi wa jeshi ni askari mwenyewe. Raia hupoteza shilingi fedha zinapofujwa. Askari hupoteza kiatu, fulana ya kuzuia risasi, helikopta ya kumwokoa akijeruhiwa na malipo ya familia yake asiporudi. Mkaguzi anapogonga lango la kambi akiwa na daftari mkononi, ndani yake kuna watu ambao maisha yao hutegemea maswali atakayouliza.